Maisha ya Bi Mary Ainsworth: Mtafiti Aliyejifunza Malezi kwa Mama wa Uganda



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Makala hii tunaiandika kutoka Kahama, mkoa wa Shinyanga, mbali sana na bahari. Mji huu umekua kwa biashara ya mchele, kwa barabara ya kwenda Rwanda na Burundi, na kwa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Bulyanhulu, kule Kakola, bado unafanya kazi, na wachimbaji wadogo wanahama kutoka rashi moja hadi nyingine mpaka Geita. Penye dhahabu pana biashara, na penye biashara hamkosi Mpemba. Ndugu zetu wa visiwani wapo hapa, madukani na sokoni, wanatafuta riziki ya halali, na wengi wao wamewaacha watoto nyumbani kwa bibi, kwa mama mkubwa au kwa shangazi.

Kila baada ya Idi tunasikia maneno ya namna moja kutoka kwa waliokwenda nyumbani wakarudi. Baba ameshuka bandarini na mizigo ya zawadi, na mtoto wake wa miaka miwili amejificha nyuma ya kanga ya bibi. Mama aliyekuwa mbali miezi minane ameingia ndani, na binti yake hakuinua hata uso, akaendelea kuchezea kifuniko cha chupa. Mwingine amelakiwa kwa kilio, mtoto akamrukia kisha akampiga. Jamaa husema mtoto amesahau, au amedekezwa, au hana adabu. Wako wazazi waliotuambia kwamba walimkaripia mtoto siku hiyo hiyo ya kwanza, na wako waliorudi Kahama wakiwa na huzuni ambayo hawakumwambia mtu.

Basi leo tuyaangalie maisha ya mwanamke mmoja aliyeshughulika na jambo hili hili kwa karibu nusu karne. Hakuwa Muislamu wala hakuwa mtu wa Afrika, lakini kazi iliyobadilisha fikra zake aliifanya upande wa pili wa ziwa hili la Victoria, katika vijiji vya karibu na Kampala. Elimu ya mambo ya dunia hupokewa kwa mwenye kuijua, kisha ikapimwa. Jina lake ni Mary Ainsworth.

Utoto na masomo

Alizaliwa tarehe 1 Disemba 1913 katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio, Marekani, kwa jina la Mary Dinsmore Salter. Alikuwa mkubwa kati ya mabinti watatu. Mwaka 1918 baba yake alipata kazi Toronto, Kanada, katika kampuni ya kutengeneza bidhaa za alumini, na familia ikahamia huko. Wazazi wake walipenda elimu, na vitabu havikukosekana ndani ya nyumba. Mary alikuwa karibu zaidi na baba yake kuliko mama yake.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia za watu. Kitabu kile kilimwonesha kwamba binadamu anaweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu ya anavyohisi na anavyotenda, badala ya kuitafuta nje tu. Tangu hapo akajua anataka kusoma nini. Aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa na miaka kumi na sita, akapata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya pili mwaka 1936 na udaktari mwaka 1939.

Mwalimu wake mkubwa pale alikuwa William Blatz, aliyekuwa na nadharia ya utulivu wa nafsi. Blatz alifundisha kwamba mtoto mdogo huthubutu kwenda kujaribu mambo mapya kwa kuwa anajua wazazi wako nyuma yake. Akiogopa, hurudi kwao, akatulia, kisha huenda tena. Kwa kwenda na kurudi huko hujifunza, na polepole huanza kujitegemea. Mary aliandika tasnifu yake juu ya nadharia hiyo, na tutaona namna ilivyomrudia miaka kumi na mitano baadaye.

Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, mwaka 1942 aliingia katika kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada, akapanda hadi cheo cha meja. Kazi yake ilikuwa kuwapima na kuwachagua watu kwa ajili ya nafasi mbalimbali. Baada ya vita alirudi Toronto kufundisha. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, na wawili hao wakahamia London ili mume amalizie masomo yake.

London: watoto waliotengwa na mama zao

Alipofika London alikuwa hana kazi. Aliona tangazo gazetini, akaomba, akapata nafasi katika kliniki ya Tavistock chini ya daktari John Bowlby. Daktari huyu alikuwa akichunguza yanayompata mtoto mdogo anapotengwa na mama yake. Baada ya vita lilikuwa swali zito. Watoto wengi walikuwa wamehamishwa miji, wamefiwa au wamelelewa katika taasisi. Hata hospitalini, wazazi waliruhusiwa kumwona mtoto aliyelazwa kwa muda mfupi sana.

Mwenzao, James Robertson, alikuwa akikaa na watoto hao hospitalini akiandika anayoyaona siku hadi siku. Aliona mtoto huanza kwa kulia na kudai mama yake. Kisha hunyamaza na kuhuzunika. Mwishowe huonekana amezoea, anacheza na anakula, na wauguzi husema ametulia. Lakini mama akija, mtoto hamtazami. Mary aliipenda sana namna hii ya kuangalia kwa subira na kuandika kwa ukweli, akaazimia kuifuata siku akipata kazi yake mwenyewe.

Wakati ule wanasaikolojia wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Bowlby alianza kulikataa wazo hilo. Aliona kwamba mtoto ameumbwa na haja ya kumfungamana mtu maalumu, na haja hiyo inasimama peke yake kama haja ya chakula. Mary hakukubaliana naye. Alimuonya kwamba akilitangaza jambo hilo atajiharibia jina.

Vijiji vya Buganda

Mwaka 1954 mume wake alipata nafasi Kampala, katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Mary alimfuata. Hakuwa ameandaliwa kazi, lakini alipata fedha kidogo za utafiti, akatafuta mkalimani, akaanza kujifunza Kiganda.

Alikwenda na swali alilotoka nalo London. Alisikia kwamba desturi ya Waganda ilikuwa kumwachisha mtoto ziwa na kumpeleka kwa bibi yake ili amsahau mama. Alitaka kuwaona watoto hao kabla na baada ya kutengwa. Alipofika vijijini alikuta desturi ile imekwisha kwa sehemu kubwa. Alichofanya ni kubadilisha swali. Akaamua kuangalia namna mtoto anavyojenga mapenzi yake kwa mama tangu mwanzo.

Alizungukia familia 26 zenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili aliingia katika nyumba, akakaa sebuleni kiasi cha saa mbili, muda ambao kwa desturi akina mama walipokea wageni. Aliendelea hivyo kwa miezi tisa hivi. Alikuwa na gari, na aliwapeleka mama na watoto kliniki.

Kule ndiko alikoona kwa macho yake kwamba Bowlby alikuwa na haki. Mtoto hakuwa akipokea maziwa tu na kusubiri. Alikuwa akitenda. Alijua kulia kwa namna moja mama akiondoka na kunyamaza haraka akichukuliwa na mama kuliko akichukuliwa na mtu mwingine. Alitabasamu kwa mama tofauti na alivyotabasamu kwa wengine. Akishaanza kutambaa, alimwacha mama na kwenda kukagua chumba, kisha akageuka kumtazama, akarudi kumgusa, akaenda tena. Nadharia ya mwalimu wake wa Toronto ikawa imesimama mbele yake, katika sebule ya Buganda. Mama alikuwa kama bandari kwa chombo kidogo: mtoto aliondoka kwa sababu alijua pa kurudi.

Katika watoto wale 28, aliona 16 wamefungamana na mama zao kwa utulivu. Saba walikuwa na wasiwasi, wakilia sana hata mikononi mwa mama. Watano hawakuonesha bado mafungamano ya wazi. Alipotafuta sababu, hakuikuta katika wingi wa maneno matamu. Waliokuwa na watoto watulivu ni mama waliowajua watoto wao. Ukiwauliza mtoto analalaje, analia lini, anapenda nini, walikueleza kwa urefu na hawakuchoka. Tena aliona kwamba mtoto kulelewa na watu kadhaa, bibi, shangazi na dada, hakukumzuia kufungamana kwa utulivu. Hili lina maana kubwa kwetu sisi ambao nyumba zetu hazikujengwa kwa watu wawili tu.

Matokeo ya kazi hii aliyachapisha mwaka 1967 katika kitabu kuhusu utoto nchini Uganda. Hadi leo mama wale wa vijijini, ambao majina yao hayatajwi, wamo katika msingi wa elimu ya malezi inayofundishwa duniani.

Baltimore na jaribio la dakika ishirini

Mwaka 1955 Mary na mume wake walihamia Baltimore, Marekani, naye akaajiriwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1960 ndoa yao ilivunjika. Lilikuwa pigo kubwa kwake. Alitafuta matibabu ya nafsi kwa miaka kadhaa na akasema wazi kwamba yalimfaa. Alitamani watoto na hakujaaliwa. Aliyeishi akichunguza mapenzi ya mama na mtoto hakupata kuwa mama.

Mwaka 1963 alianza kazi ya pili, akitaka kujua kama aliyoyaona Buganda yapo na Marekani. Safari hii alizungukia tena familia 26, yeye na wasaidizi wake, kila baada ya wiki tatu, kila ziara saa nne, tangu mtoto akiwa na wiki chache mpaka kutimiza mwaka. Moja ya waliyoyapata liliwashangaza wengi: watoto ambao mama zao waliitika upesi walipolia katika miezi ya mwanzo, walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka. Wale walioachwa walie ili wasidekezwe ndio waliozidi kulia.

Watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea mama kutoka na kuingia, kwa hiyo nyumbani hawakuonesha wazi kama watoto wa Buganda. Ndipo yeye na msaidizi wake Barbara Wittig wakabuni jaribio fupi. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingizwa katika chumba wasichokijua chenye vitu vya kuchezea. Mtu mgeni huingia. Mama hutoka kwa dakika chache, hurudi, hutoka tena, hurudi. Jaribio lote ni dakika ishirini hivi, na kilio kikizidi hukatizwa.

Wote walidhani la kupimwa ni kilio cha mama kuondoka. Bi Mary aliona kwamba linaloeleza zaidi ni namna mtoto anavyompokea mama anaporudi. Wengi, takriban theluthi mbili, walimkimbilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wachache walimng'ang'ania na huku wakimsukuma kwa hasira, wasitulie. Na wachache wengine hawakulia mama alipotoka wala hawakumtazama aliporudi. Waliendelea na vitu vyao. Hawa wa mwisho watu waliwaona ndio hodari. Yeye alikumbuka wale watoto wa hospitalini London, akasema hao wanaficha. Watafiti waliokuja baadaye walipima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hii wakayaona yanakwenda mbio ilhali uso umetulia.

Kitabu chake kikubwa juu ya hayo kilitoka mwaka 1978. Wakati huo alikuwa tayari amehamia Chuo Kikuu cha Virginia, alikofundisha mpaka alipostaafu mwaka 1984. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani walimtunuku medali ya dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Alifariki tarehe 21 Machi 1999 katika mji wa Charlottesville, akiwa na umri wa miaka 85.

Kutoka utoto hadi utu uzima

Wenzake katika elimu hii walipanga ngazi za makuzi. Jean Piaget alieleza namna akili ya mtoto inavyopanda kutoka kushika na kuonja hadi kufikiri mambo yasiyoonekana. Erik Erikson alitaja hatua nane tangu uchanga hadi uzee, na ya kwanza ni mtoto kujifunza kuamini. Bi Mary alishughulika na ngazi hiyo ya chini kabisa.

Jambo la ngazi si geni kwetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, alieleza kwamba mwanadamu huanza na hisia, kisha akifika karibu na miaka saba hupewa uwezo wa kupambanua, kisha huja akili; na moyo wa mtoto aliuhesabu kuwa amana kwa wazazi wake. Sharia nayo inapanda hivyo hivyo: kunyonya miaka miwili kwa anayetaka kutimiza, malezi ya mtoto mdogo ambayo mama hutangulizwa, umri wa kupambanua ambao mtoto huamrishwa Swala, kubaleghe, kisha kupimwa kama amefikia busara ya kukabidhiwa mali yake.

Je, aliyeanza vibaya amepotea? Hapana. Mwanafunzi wa Bi Mary, aitwaye Mary Main, aliwahoji watu wazima juu ya utoto wao. Aliona kwamba mzazi anayeweza kueleza utoto wake kwa ukweli, mazuri na machungu, bila kuficha wala kuzama katika hasira, kwa kawaida mtoto wake hutulia kwake, hata kama yeye mwenyewe alilelewa kwa tabu. Na kule Minnesota, watoto waliofuatiliwa tangu mwaka 1975 hadi utu uzima walionesha kwamba mwanzo mwema husaidia, na pia kwamba mtu hubadilika anapopata wa kumtegemea.

Tumkumbuke Mtume wetu (SAW). Alinyonyeshwa na Bi Halima mbali na Makka, akarudishwa kwa mama yake, akafiwa naye akiwa na miaka sita, akachukuliwa na babu yake, naye akafariki baada ya miaka miwili, kisha akalelewa na ami yake Abu Talib. Mikono ilibadilika, lakini kila mara alikuwako mtu aliyemchukua kuwa wake.

Tunayoyachukua kutoka maisha haya

Kwa ndugu zetu walioko Kahama, Geita na kwingineko, na kwa waliobaki na watoto visiwani, tunayaona mambo haya yanafaa.

Usimtoroke mtoto. Wengi hungoja alale ndipo waende bandarini, wakidhani wanamwepushia kilio. Akiamka anajifunza kwamba watu hutoweka usingizini. Muage, hata kama atalia.

Awe na mtu mmoja aliye wake. Bibi anatosha, na shangazi anatosha, maadamu ni yeye yule na hapokezwi kwa mwingine kila mwezi. Na bibi huyo asionewe wivu mtoto akimkimbilia. Hiyo ni dalili kwamba amana imetunzwa.

Mjue mtoto wako ukiwa mbali. Fedha za simu zinafika kwa dakika moja, lakini muulize bibi analalaje, ameota jino gani, anaogopa nini. Piga simu kwa saa inayojulikana.

Ukirudi, usimlazimishe kukubusu mikono wala usimkaripie akikwepa. Kaa chini karibu yake, mpe siku kadhaa, umwache aje mwenyewe. Anayekwepa hakusahau, na anayekupiga anakuambia alikungoja.

Na anayeweza kuondoka na mtoto mdogo akakaa naye huku, afikirie hilo kabla ya kufikiria duka la pili. Asiyeweza asijione ameangamia. Riziki ni wajibu, na Allah anajua hali za waja wake.

Tunamuomba Allah awakuze watoto wetu katika utulivu, awape subira waliobaki nao, na awarejeshe salama waliosafiri. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.